Safu ya Bi Penseli: Wakikukamata, watakukamata na nini?

Mwezi huu nilikaa Jumamosi nzima nikisoma barua zenu na kuzipanga mafungu. Kuna fungu la karatasi na rangi, kuna la malipo yaliyocheleweshwa (hilo halikosi), kuna la wanaotaka niwatazamie kazi bure. Fungu la nne sikulitegemea, na ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Ni barua za watu wanaofanya kazi vizuri, wanaolipwa na kusifiwa, na ambao usiku hulala jicho moja wazi wakingoja mtu abishe hodi na kusema, “Tumeshakujua.”

Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nilipoimaliza ilibidi nitazame sahihi mara mbili kuhakikisha sikuiandika mimi.

*

Shikamoo Bi Penseli. Nina miaka 28, nachora picha za vitabu vya watoto. Mwaka huu nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: kitabu cha kurasa 32, picha kila ukurasa. Mchapishaji anasema ameupenda “mkono wangu”. Asichokijua ni kwamba mimi siwezi kuchora kitu kutoka kichwani. Nikitaka kumchora mtoto anayepanda mti, natafuta picha kumi za watoto wanaopanda miti, au namwomba mdogo wangu ajipinde kwenye ngazi nimpige picha, ndipo nachora. Wasanii wa kweli nawaona, penseli inatembea yenyewe. Mimi nikiwa mbele ya watu hata daftari silitoi. Naogopa siku mhariri akisema “hebu nichoree hapa hapa”, atagundua kwamba alimpa kazi tapeli. Nimemaliza kurasa 9, zimebaki 23, na hii ni wiki ya pili sijagusa karatasi. Nirudishe kazi ya watu?
— Tapeli wa Kurasa 32

Marahaba, mwanangu. Usirudishe kazi. Hilo nimelisema kwanza ili upumue. Sasa tuzungumze.

Nina swali moja, na nitalirudia kwa kila mtu kwenye ukurasa huu. Siku hiyo wakikukamata, watakukamata na nini? Tapeli hukamatwa na kitu. Hukamatwa na hati ya kughushi, na shaba aliyoipaka rangi akaiita dhahabu. Wewe wakikupekua watakuta picha kumi za watoto wanaopanda miti, na simu iliyojaa mdogo wako amejipinda kwenye ngazi. Mwanangu, hivyo ni vifaa vya kazi. Fundi seremala hakamatwi kwa kukutwa na futi.

Huu uongo kwamba msanii wa kweli hutoa vitu kichwani sijui nani aliuanzisha, lakini umewasimamisha wachoraji wengi kuliko ukosefu wa karatasi. Vincent van Gogh aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27, na alianza kwa kunakili. Alipata vielelezo vya kujifunzia vilivyotungwa na Charles Bargue, akavinakili kimoja baada ya kingine. Mwaka 1882 alitengenezewa fremu ya mbao yenye nyuzi zilizopishana, akawa anaisimamisha mchangani ufukweni na kuitazama bahari kupitia humo, ili macho yasimdanganye kuhusu lipi liko mbali na lipi liko karibu. Na mwaka 1890, mwaka aliofariki, wakati huo ameshachora mamia ya picha ambazo leo watu hupanga foleni kuziona, alimwandikia mdogo wake Theo amtumie tena vile vielelezo vya Bargue avinakili upya. Sasa wewe umechora miaka mingapi hata uone haya kutazama picha?

Hao unaowaona penseli inatembea yenyewe, wengi unawaona kwenye video iliyoharakishwa. Anayekuchorea farasi mbele ya macho yako bila kutazama popote, ameshamchora farasi huyo huyo mara mia tatu, mguu ule ule mbele, shingo ile ile imegeuka. Mwambie akuchoree kifaru anayejikuna sikio, uone kama hatatafuta picha.

Nikupe la kwangu. Miaka sita ya kwanza ya kazi hii, watu wote niliowachora walikuwa na mikono mifukoni. Wasio na mifuko walificha mikono mgongoni. Wanawake wangu walibeba furushi kubwa lililofunika hadi viwiko. Watoto walisimama nyuma ya kaukuta kafupi. Mwalimu mmoja, na sina cha kujitetea hapa, nilimchora amevaa glavu darasani. Nilikuwa sijui kuchora mikono, na nilikuwa najua kwamba sijui. Kila kitabu kilipotoka nilingoja simu. Simu ilikuja, ya kusifu. Na kila sifa ilinizidishia hofu, kwa sababu nilijiambia: bado hawajaona. Ndivyo jambo hili linavyokula pande zote mbili. Ukishindwa linakuambia “si nilikwambia?” Ukifanikiwa linakuambia “umewapiga chenga tena, lakini safari ijayo?”

Basi siku moja mhariri mmoja, mtu mzima, mpole, alizitandaza kurasa zangu kumi na mbili mezani. Akazisogeza, akavua miwani, akaivaa tena. Kidole chake kikatoka kwenye mfuko wa huyu kikaenda kwenye mfuko wa yule, kikapita kwenye furushi, kikafika kwenye glavu. Akasema, “Mbona watu wako wote wanasikia baridi?”

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka sita. Nilidhani dari litaanguka. Alichosema baada ya hapo ni “Rudi Jumatatu na mikono”, kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Ndivyo nilivyokamatwa, na shtaka lote lilikuwa neno moja: mikono. Hakusema sijui kuchora. Hakusema mimi si msanii. Hayo niliyaongeza mimi mwenyewe, bila kuombwa, kwa miaka sita. Na neno “mikono” lina dawa. Neno “tapeli” halina, kwa sababu huwezi kuamka asubuhi ukafanya zoezi la kuacha utapeli.

Nikaanza siku ile ile. Mkono mmoja kila siku, kwa siku 100, kwenye daftari moja. Mkono wa kushoto, maana wa kulia umeshika penseli. Siku za mwanzo nilichora mafungu ya ndizi. Karibu na siku ya ishirini niliona jambo ambalo nilikuwa nalitazama tangu nizaliwe sijaliona: vidole vinaonekana virefu zaidi ukitazama mgongo wa mkono kuliko ukitazama kiganja. Fanya hivyo sasa, geuza mkono wako. Ile ngozi inayounganisha vidole imepanda juu zaidi upande wa kiganja, kwa hiyo inameza sehemu ya kidole. Mimi nilikuwa nachora vidole vya urefu mmoja pande zote, ndiyo maana mikono yangu ilionekana kama imeazimwa kwa mtu mwingine. Tena vifundo vya vidole havikai kwenye mstari ulionyooka, vimepinda kama upinde. Siku ya arobaini hivi nikagundua kwamba nimekuwa hodari wa mikono ya kushoto na kwamba watu wangu wote sasa wana mikono ya kushoto miwili. Nikaweka kioo mezani, nikauchora ule ule wa kushoto ukiwa ndani ya kioo, ukatoka wa kulia. Daftari ninalo hadi leo. Mkono wa 100 si mzuri sana. Ni mkono tu, lakini ukiuona hutouliza ni nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi uandike nini hasa watakikuta. Ukiandika “mimi ni tapeli”, chana, andika tena. Endelea kuchana mpaka ufike kwenye kitu kinachoweza kuchorwa. Yako nadhani nimeshaiona: huwezi kuujenga mwili wa mtu bila picha mbele yako. Hilo ni pungufu la kweli, sitakudanganya, na siku moja litakukwamisha, kwa mfano hadithi ikitaka mtoto anayepaa. Zoezi lake ni hili. Chora mtoto wako kwa kutazama picha kama kawaida. Kisha ifunike picha, na mchoro wako pia uufunike, umchore tena kutoka kwenye kumbukumbu. Vibaya, haidhuru. Halafu fungua vyote, chukua penseli nyekundu, sahihisha ule wa pili kama mwalimu. Pale penye wekundu mwingi ndipo usipopajua. Kama ni bega kila mara, basi shtaka lako linaitwa bega. Dakika ishirini kabla ya kila ukurasa. Kurasa 23 zilizobaki zitakuwa shule yako, na mchapishaji ndiye anayekulipia ada.

Nina onyo moja la kazi. Picha zinazopatikana kwenye intaneti zina wenyewe. Kujifunza bega linavyokaa kwa kutazama picha kumi si kosa. Kuipitisha picha moja ya mtu kama ilivyo, mpaka mwenyewe akiiona anaijua, hilo ni kosa, na hapo hofu yako itakuwa na haki. Yule mdogo wako kwenye ngazi ndiye salama kuliko wote. Mshukuru kwenye kitabu.

Na kwa kuwa utaulizia: ndiyo, hali hii ina jina, kwa Kiingereza “imposter phenomenon”, na watu wameichunguza. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliieleza mwaka 1978 baada ya kuzungumza na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa katika masomo na kazi. Wenye shahada za juu, wanaoheshimiwa, nao wakasema wamefika kwa bahati, au kwa makosa ya waliowachagua. Baadaye ikaonekana kwamba wanaume nao wamo. Clance na Imes hawakuita ugonjwa, waliita hali, na mimi nakaa na neno lao. Kilichonivutia zaidi ni kwamba walipendekeza watu hawa wakae pamoja kwa vikundi, maana ukimsikia mwenzako unayemheshimu akijiita tapeli unaona mara moja jinsi anavyokosea, ndipo unaanza kushuku kwamba labda nawe unajikosea vivyo hivyo. Tafuta wachoraji wawili. Msionyeshane kazi zilizokamilika. Onyeshaneni vikapu vya taka.

*

Bi Penseli, habari za kazi. Mimi ni mwandishi wa hadithi fupi. Miezi minane iliyopita hadithi yangu ilishinda shindano. Tangu siku hiyo sijaandika hata aya moja iliyosimama. Kila sentensi naisoma kwa macho ya wale waamuzi, nawaona wakitazamana na kuulizana “huyu ndiye tuliyemchagua?” Rafiki zangu wananiita Mshindi, nami natamani kuingia chini ya meza. Kwa kweli nadhani walikosea. Niwaandikie niwaambie?
— Mshindi Chini ya Meza

Usiwaandikie. Watadhani unatafuta kusifiwa mara ya pili.

Inawezekana walikosea. Nimeketi kwenye jopo la waamuzi mara mbili, na acha nikueleze yanayotokea mle ndani. Zinabaki hadithi mbili mezani. Mmoja anaitaka hii, mwingine anaitaka ile, wa tatu amechoka na anatazama saa. Wanabishana mpaka taa zinawashwa. Mwishowe inashinda ile ambayo mmoja wao aliweza kuikumbuka sentensi yake bila kushika karatasi. Basi. Tuzo ni taarifa kwamba siku fulani, watu fulani, waliipenda hadithi yako kuliko nyingine zilizokuwa mezani. Haikusema wewe ni gwiji. Sasa utakamatwaje kwa kutokuwa kitu ambacho hakuna aliyekuita?

Wala usingoje tuzo ya pili ije ikuponye ya kwanza. John Steinbeck aliweka shajara alipokuwa akiandika riwaya yake kubwa mwaka 1938, na humo ameandika kwamba yeye si mwandishi, amekuwa akijidanganya mwenyewe na kuwadanganya watu. Riwaya ikatoka mwaka 1939, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Mwaka 1962 akapewa Nobel ya fasihi, mwandishi wa habari akamuuliza kama anaistahili. Akajibu kwamba, kusema kweli, hapana. Kwa hiyo mwenye Nobel yuko chini ya meza ile ile uliyoingia wewe, sogea mkae. Ila mimi ninachokipenda kwenye shajara ile si malalamiko, maana kulalamika sote tunaweza. Ni kwamba analalamika, kisha anaketi anaandika kazi ya siku hiyo. Hakungoja ajiamini.

Sisi tumekua na ule msemo wa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni msemo mzuri, lakini una madhara yake, kwa sababu kuna watu wakisifiwa tu wanaanza kulinusa tembo lao wenyewe, wakisikia maji ambayo hayamo.

Sasa swali langu: watakukamata na nini? Nina hakika katika hadithi ile iliyoshinda kuna sentensi moja huipendi. Unaijua iko wapi. Pengine ni ya mwishoni, wengi wetu huharakisha mwisho. Ifungue leo, uirekebishe sentensi hiyo, hata kama hadithi imeshachapishwa na hakuna atakayeiona. Ukishairekebisha utaona iliyo kabla yake haikai sawa tena. Irekebishe na hiyo. Utakuwa umeshaanza kuandika na hukuomba ruhusa ya mwamuzi yeyote.

Baada ya hapo andika hadithi moja ambayo ni marufuku kuipeleka kwenye shindano. Iandike kwa mkono, upande mmoja wa karatasi, kuhusu jambo ambalo unahisi waamuzi wale wangelikunjia pua. Mimi nina folda nzima ya michoro ya namna hiyo. Imejaa mapaka.

*

Shikamoo Bi Penseli, ingawa huenda tukalingana. Nina miaka 43, nimeanza kujifunza gitaa mwaka huu. Kijana mmoja ameniambia kwamba ustadi unataka saa 10,000. Mimi hupata saa moja kwa siku. Nimepiga hesabu: nitakuwa stadi nikiwa na miaka 70. Tukikaa kupiga na vijana hao najiona kama mzee aliyevaa sare ya shule. Niendelee au niwaachie wenye umri?
— Mwanafunzi Mwenye Mvi

Marahaba, ingawa nashuku wewe ni kaka yangu. Hesabu yako ni sahihi, namba yenyewe ndiyo yenye kasoro.

Ilitoka kwenye utafiti wa Anders Ericsson na wenzake uliochapishwa mwaka 1993, juu ya wanafunzi wa fidla wa chuo kimoja cha muziki Berlin. Saa 10,000 ulikuwa wastani wa mazoezi waliyokuwa wameyakusanya wale bora kufikia umri wa miaka 20. Ukisikia wastani, ujue wamo waliokuwa chini yake. Hakuna mahali waliposema kwamba ukifikisha 10,000 mlango unafunguka, na Ericsson mwenyewe baadaye alikataa jinsi namba hiyo ilivyogeuzwa kuwa kanuni. Isitoshe, wale walikuwa wanawania kuwa wapigaji wa daraja la juu kabisa. Wewe hukuniambia unawania hilo. Uliniambia unataka kukaa na wenzako mpige.

Kilichokuwa muhimu kwenye utafiti ule ni aina ya mazoezi, na hapa ndipo watu wengi hupoteza saa zao. Nimechora miaka 26, lakini ukitoa siku nilizokuwa natimiza kazi ya mteja kwa njia ninazozijua tayari, mazoezi yenyewe pengine hayafiki miaka mitatu. Kufanya kazi na kufanya mazoezi ni vitu viwili. Nakuona kabisa, kaka: unaketi, unapiga ule wimbo unaoujua, unafika mahali vidole vinapobadilika, unajikwaa, unarudi mwanzo wa wimbo, unapiga vizuri ile sehemu nzuri, unajikwaa tena pale pale. Saa imeisha. Umeifanyia mazoezi sehemu ambayo haikuhitaji mazoezi, na kujikwaa nako umekufanyia mazoezi.

Kesho usianze mwanzo. Anza pale pale unapojikwaa. Ile hatua moja ya vidole, kutoka hapa kwenda pale, polepole mpaka iwe haina maana kama muziki, mara hamsini. Jirekodi kwa simu, jisikilize siku inayofuata, si usiku ule ule, maana usiku ule ule bado unajionea huruma. Dakika kumi na tano za namna hiyo, kisha zilizobaki piga wimbo wako ufurahi, usije ukalichukia gitaa.

Kuhusu sare ya shule: umewaambia hao vijana kwamba hujui? Watu wanaojiona matapeli mara nyingi wameficha kitu ambacho kingeweza kusemwa kwa sentensi moja. “Hapa vidole vyangu vinachelewa, nishike wapi?” Kijana akishakuonyesha, watakukamata na nini tena? Mimi mikono yangu niliificha miaka sita kwa sababu ya sentensi ambayo ingechukua sekunde nne kuisema.

*

Bi Penseli, naandika maneno kwenye programu ya akili bandia, inanitolea picha. Naziweka mtandaoni na kuziandikia chini “nimechora mimi, kwa mkono”. Watu wanazisifu sana, na sasa mmoja ananiomba nimchoree kava la kitabu chake. Usiku silali. Nimesoma kwamba kuna hali ya watu wenye vipaji kujiona matapeli. Je, ninayo?
— Nisiyelala

Huna. Ulicho nacho ni dhamiri, nayo ni nzima.

Wenzako watatu hapo juu nimewauliza watakamatwa na nini, na kila mmoja ilibidi tutafute kwa tochi. Wewe jibu lako umeliandika mwenyewe, lina maneno manne: “nimechora mimi, kwa mkono”. Sisemi programu hiyo ni haramu, wapo wanaoitumia na kusema wazi, na ugomvi juu ya picha ilizofundishiwa na wenye picha hizo bado ni mkubwa, sitaumaliza hapa. Nasema umewaambia watu jambo ambalo halikutokea. Wiki hii rudi chini ya kila picha, ufute, uandike ilivyotengenezwa. Yule wa kava mwambie kabla hajalipa. Huenda akaondoka. Huenda akasema sawa, nataka hiyo hiyo. Vyovyote, usiku huo utalala.

Na kama kweli unachotaka ni kuchora, mkono wako wa kushoto uko hapo mezani. Usinitumie wa kwanza, utakuwa fungu la ndizi, nimeshaona mengi. Nitumie wa ishirini.

*

Walioniuliza kuhusu karatasi inayojikunja ukipaka rangi ya maji, nimewasikia, ni toleo lijalo. Aliyenitumia michoro 60 ya pua bila barua yoyote, nimeipata, ni mizuri, lakini swali lako ni lipi?